Nani Alifuta Folda ya Zamani?

Najua nimenyamaza muda mrefu, na wengine mmeuliza kama nimehama mji. Sijahama. Nilikuwa nasafisha nyumba, na nyumba yenyewe ni ghala la nyaraka la pale kazini: mahali pamoja ndani ya Git ambapo sote tunaweka maelezo ya mifumo tunayoijenga, namna ya kuiweka kwenye seva na namna ya kuifufua ikianguka. Leo nawasimulia jinsi nilivyolisafisha vibaya mara ya kwanza. Halafu tutaingia kwenye historia, kwa sababu nilipoanza kutafuta nilikokosea nilijikuta nimerudi nyuma hadi mwaka 1972.

Kosa lenyewe

Ghala letu lilikuwa na folda iitwayo "zamani". Msinidanganye, hata kwenu ipo. Mtu akikutana na faili asiyoielewa, na hana ujasiri wa kuifuta, anaisukuma humo na kuendelea na kazi yake. Miaka ikapita, zikafika faili zaidi ya mia tatu. Kulikuwa na maelekezo ya seva zilizokwisha kuuzwa kama chuma chakavu, kumbukumbu za mikutano, michoro isiyofunguka kwa programu yoyote, na nakala nne za mwongozo mmoja zenye majina kama "mwisho", "mwisho2" na "mwisho-kabisa". Ukitafuta neno lolote ghalani, majibu ya kwanza yanatoka huko. Vijana wapya walifuata maelekezo ya kale hatua kwa hatua, kisha wakaja mezani kwangu kuuliza mbona hayafanyi kazi.

Basi Ijumaa moja ya Desemba, ofisi ikiwa nusu tupu kwa sababu watu wameshapanda mabasi kwenda mashambani, nikaamua kumaliza jambo hilo. Amri moja, folda yote ikaondoka. Kila badiliko katika Git huambatana na maelezo ya aliyelifanya. Mimi niliandika neno moja tu: "Usafi." Nikafunga kompyuta, nikaenda kunywa chai nikijiona shujaa.

Januari mnaijua. Ada za shule, sare, vitabu, nauli za watoto wa bweni. Jumapili moja usiku, hifadhidata ya chama kimoja cha akiba na mikopo ikaharibika. Chama hicho kilikuwa bado kinatumia toleo la zamani la mfumo wetu, na mimi nilidhani wateja wote wamekwisha kuhamia jipya. Dada aliyekuwa zamu akafungua ghala kutafuta maelekezo ya kurejesha toleo lile. Akatafuta kwa jina la mteja, kwa jina la mfumo, kwa kila neno alilofikiria. Hakuna kitu. Akanipigia, simu yangu ikawa imeisha chaji. Akakesha akikisia hatua moja baada ya nyingine, akafaulu Jumatatu saa nane mchana. Wakati huo wanachama walikuwa kwenye foleni tangu asubuhi, na baadhi ya wazazi walikuwa wamekwisha kurudi nyumbani mikono mitupu.

Niliposimuliwa, moyo ulinipasuka. Faili ile ilikuwa ndani ya "zamani". Ilikuwa na hatua kumi na moja, zote sahihi. Nikaketi, nikaandika amri mbili, ikarudi kabla sijamaliza kuvuta kiti. Haikuwa imepotea hata dakika moja. Yule dada akaitazama kwenye skrini yangu, akaniuliza kwa upole ulioniumiza kuliko matusi: "Sasa mimi ningejuaje kwamba ipo?"

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike makala hii.

1972: mistari isiyokufa

Tuanze mwanzo. Mwaka 1972 katika maabara za Bell Labs huko Marekani, mhandisi aitwaye Marc Rochkind alitengeneza programu ya kutunza matoleo ya msimbo, jina lake SCCS. Aliandika toleo la kwanza kwa lugha ya SNOBOL4 kwenye kompyuta kubwa ya IBM, kisha likaandikwa upya kwa lugha ya C ili lifanye kazi kwenye Unix. Mwaka 1975 akachapisha maelezo yake.

Tatizo alilotaka kulitatua mnalijua. Programu iko kwa wateja wengi, kila mmoja ana toleo lake, hitilafu inatokea, na hakuna anayeweza kusema kwa uhakika ni msimbo gani unaokimbia kule. Kabla ya hapo watu walitunza nakala nzima nzima, na nakala zikizidi hakuna anayejua ipi ni ipi.

SCCS ilitunza mistari yote iliyowahi kuwemo katika faili ndani ya faili moja ya kumbukumbu, pamoja na alama za mstari umeingia lini na umeondoka lini. Ukifuta mstari, programu haiufuti. Inauwekea alama kwamba kuanzia toleo fulani usionyeshwe. Ukiomba toleo la zamani, unarudi mahali pake. Naona hapo ndipo wazo kubwa la kazi yetu lilipozaliwa: kufuta kitu kisionekane ni jambo moja, kukiangamiza ni jambo jingine.

Kulikuwa na mpaka, lakini. Kumbukumbu ilikuwa ya faili moja moja. Mstari uliweza kufutwa ukabaki, ila faili yenyewe haikuwa na mlinzi. Ukiifuta ile faili ya kumbukumbu, historia yake yote inaondoka nayo.

Miaka kumi baadaye, mwaka 1982, Walter Tichy wa Chuo Kikuu cha Purdue akaleta RCS. Yeye aligundua kwamba watu wengi huomba toleo la leo, na wachache huomba la jana. Kwa hiyo RCS ilitunza toleo jipya zaidi likiwa zima, na ya nyuma yakatunzwa kama tofauti za kurudi kinyumenyume. Ya leo yanapatikana haraka, ya kale yanataka hesabu kidogo. Faili za kumbukumbu zilipewa majina yenye mwisho wa koma na herufi v, na wazee wa kazi hii bado wanayakumbuka majina hayo. Lakini mpaka ulikuwa uleule: kila faili peke yake.

Dari ya CVS

Sasa tuende Amsterdam. Katikati ya miaka ya 1980, mwalimu wa Vrije Universiteit aitwaye Dick Grune alikuwa akitengeneza kompaila ya lugha ya C pamoja na wanafunzi wawili. Ratiba zao hazikukutana. Mwanafunzi mmoja alifanya kazi saa za ofisi, mwingine alikuja anapojisikia, na mwalimu mwenyewe alipata nafasi jioni tu. RCS ilitaka mtu afunge faili kabla ya kuibadilisha, na wengine wasubiri aifungue. Kwa watu wasioonana, kusubiri huko hakukuwezekana. Grune akaandika skripti juu ya RCS zilizoruhusu kila mmoja afanye kazi kwenye nakala yake, halafu waunganishe. Akazitoa kwa umma mwaka 1986. Mwaka 1989 Brian Berliner akaandika CVS upya kwa lugha ya C, na hiyo ndiyo wengi wetu tuliyoikuta tulipoanza kujifunza programu huria.

Sikilizeni sasa ilivyofanya faili inapofutwa. Ndani ya ghala la CVS, kwenye seva, kila folda iliweza kuwa na folda ndogo iitwayo Attic. Ni neno la Kiingereza la chumba kilicho chini ya paa, yaani darini. Ukifuta faili, CVS iliichukua faili yake ya kumbukumbu na kuipandisha darini. Anayechukua toleo la leo haioni. Anayeomba toleo la mwaka juzi anaipata, kwa sababu CVS inapanda darini kumletea.

Mimi nililelewa na nyanya, na jikoni kwake kulikuwa na dari ya fito juu ya meko. Mahindi ya kula yalikaa ghalani. Yaliyopanda darini, kwenye moshi ambao wadudu hawauwezi, yalikuwa mbegu za msimu ujao. Mtoto aliyekwenda kuokota darini bila ruhusa alikiona cha mtema kuni. Kwa hiyo nilipoiona folda ya Attic kwa mara ya kwanza, niliielewa bila mwalimu.

Dari ile ilikuwa na faida moja ambayo hatukuijali wakati ule: ilionekana. Ukiwa kwenye seva unaiona folda. Kurasa za wavuti zilizotumika kutazama maghala ya CVS nazo zilikuwa na kitufe cha kuonyesha faili zilizokufa. Unabonyeza, na majina ya marehemu yanatokea pale pale palipokuwa makao yao.

Ubaya wa CVS ulikuwa mahali pengine. Haikujua kuhamisha. Ukitaka kubadilisha jina la faili au kuipeleka folda nyingine, unaifuta huku na kuizaa upya kule, na historia inakatika. Folda yenyewe haikufutika kabisa. Ungeweza tu kuiambia CVS isikuletee folda tupu. Wanaoandika nyaraka waliumia zaidi, kwa sababu nyaraka huhamahama kuliko msimbo. Sura inagawanyika, mwongozo unapewa jina jipya, makala mbili zinakuwa moja. Mradi wa FreeBSD ulikuwa na watu wachache walioaminiwa kuingia kwenye ghala lenyewe na kunakili faili za kumbukumbu kwa mkono, ili historia ifuate faili inapohama. Hebu fikirieni: kuhamisha faili kulihitaji ruhusa na mtaalamu.

Nadhani uoga wetu wa kufuta ulitokea huko. Kizazi kilichofundishwa kwamba kuhamisha ni kuvunja kikajenga mazoea ya kusukuma vitu kando. Zana zikabadilika, mazoea yakabaki, na mazoea hayo yana jina: folda ya "zamani".

Subversion na Git: dari isiyo na mlango

Mwaka 2000 kampuni ya CollabNet ilianzisha mradi wa Subversion ili kuziba matundu ya CVS, na toleo la 1.0 likatoka Februari 2004. Hapo ndipo folda zilipopata historia zao, kuhamisha kukawa jambo la kawaida, na mabadiliko ya faili nyingi yakaingia kwa pamoja au yasiingie kabisa. Ghala lote likawa na namba moja inayopanda.

Kisha Aprili 2005 ikaja Git. Watengenezaji wa Linux walikuwa wakitumia BitKeeper tangu 2002, ruhusa ya kuitumia bure ikaondolewa, na Linus Torvalds akaandika zana yake mwenyewe. Aliianza mwanzoni mwa mwezi, na tarehe 16 msimbo wa Linux ukawa ndani yake.

Git hutunza picha ya ghala zima kwa kila badiliko, na kila mwenye nakala kamili ana historia yote. Kwa upande wa kukumbuka, hii ni mbali sana na SCCS. Faili iliyofutwa mwaka juzi iko kwenye kompyuta yangu, ya jirani yangu na ya yule aliyeacha kazi.

Lakini tazameni kilichopotea njiani. Katika Subversion na Git hakuna tena Attic. Faili iliyofutwa haina folda ya kukaa wala kitufe cha kuionyesha karibu na makao yake ya zamani. Iko ndani ya historia, na historia humjibu anayejua la kuuliza. Ukijua jina unaipata mara moja. Usipojua kwamba iliwahi kuwepo, hutapata hata dokezo. Utafutaji wa kawaida unaangalia faili za leo tu.

Basi dada yule alikuwa amebeba kwenye kompyuta yake kumbukumbu kamili kuliko aliyowahi kuwa nayo mtu yeyote wa enzi za Rochkind, na akakesha kama hana kitu. Kila kizazi cha zana kiliongeza uwezo wa kutunza. Kazi ya kuonyesha kilichotunzwa ikaachiwa binadamu, na binadamu mwenyewe aliandika "Usafi."

Waliosafisha vizuri

Nikaanza kutafuta wakubwa wamefanyaje. Mifano miwili ya Linux ilinifundisha.

Wa kwanza ni wa siku ileile ya Aprili 2005. Torvalds alipouingiza msimbo kwenye Git aliacha nje historia yote ya nyuma, akaanza na toleo la 2.6.12-rc2. Huo ni usafi mkubwa kuliko wangu mara elfu. Tofauti ni kwamba alieleza, katika maelezo ya badiliko la kwanza kabisa. Alisema historia wanayo, kwamba ikiingizwa inafika kama gigabaiti 3.2 na ingetatiza siku za mwanzo za zana changa, na kwamba ghala tofauti la historia linaweza kutengenezwa baadaye. Na kweli lilitengenezwa. Leo mtu akichimba akafika mwanzo wa ghala, hakutani na ukuta. Anakutana na kibao kinachomwambia barabara inaendelea upande gani.

Wa pili ni wa mwaka 2016. Nyaraka za Linux, zinazokaa kwenye folda ya Documentation, zilikuwa zimerundikana kwa miaka. Mwaka huo mradi ulianza kutumia Sphinx, na faili zikaanza kupangwa upya katika folda zenye maana. Faili maarufu kuliko zote, SubmittingPatches, inayofundisha namna ya kutuma mabadiliko, ikahamishiwa kwenye folda ya process na kupewa jina jipya. Ingekuwa rahisi kuishia hapo. Lakini jina lile lilikuwa limetajwa katika barua, vitabu na mafunzo yasiyohesabika. Kwa hiyo kwenye anwani ya zamani waliacha faili ndogo yenye maelezo mafupi kwamba imehama na imehamia wapi. CodingStyle nayo ikafanyiwa hivyo hivyo. Mtu anayefuata kiungo cha kale anafika salama.

Mradi huohuo unatufundisha pia kisichofaa. Folda nyingi za Documentation zilikuwa na faili iitwayo 00-INDEX, orodha ya vilivyomo na maelezo mafupi ya kila kimoja. Wazo zuri, lakini orodha ya aina hiyo inataka kusahihishwa kila faili inapoongezwa au kuondoka, na watu husahau. Mwaka 2018 zilifutwa zote. Orodha isiyotunzwa humpoteza msomaji, kwa sababu anaiamini.

Ghala nalo hufa

Kabla sijasema tulichofanya, kuna jambo linalotuhusu sisi wa Kiswahili kwa namna ya pekee.

Mwaka 2004, mradi wa Kilinux uliofanyika na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice.org kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi ya kutafsiri menyu na ujumbe mmoja mmoja, na kukubaliana faili tuiite nini. Nyingi za kazi kama hizo huishia kwenye faili za tafsiri ndani ya ghala kubwa la watu wengi. Sasa OpenOffice.org yenyewe ilikuwa kwenye CVS, ikahamia Subversion mwaka 2008, kisha Mercurial, na mwaka 2011 ikakabidhiwa Apache Software Foundation. Kila uhamisho wa namna hiyo ni usafi. Kuna mtu anakaa na orodha na kuuliza hii inaguswa na nani, hii ilibadilishwa mara ya mwisho lini.

Fikirieni ni faili za nani zitakazoonekana za kale kwanza. Lugha yenye watafsiri mia inaguswa kila wiki. Lugha iliyofanyiwa kazi na watu wachache hadi fedha zikaisha, inakaa kimya. Kwa anayesafisha kwa kuangalia tarehe, ukimya huo unafanana kabisa na kifo. Kumbe huenda ni mbegu ya darini inayongoja mvua.

Na wakati mwingine hakuna hata anayeuliza, kwa sababu jengo zima linafungwa. Google Code ilifungwa Januari 2016. SourceForge ilizima huduma ya CVS mwishoni mwa Novemba 2017. Bitbucket iliondoa maghala ya Mercurial mwaka 2020. Kwa hiyo naishukuru kazi ya Software Heritage, iliyoanzishwa na taasisi ya Inria ya Ufaransa mwaka 2016 ili kukusanya na kutunza msimbo wa umma. GitHub nayo mwaka 2020 ilipeleka filamu zenye terabaiti 21 za maghala yake kwenye mgodi wa visiwa vya Svalbard, karibu na ncha ya kaskazini. Vizuri sana. Lakini hata Svalbard haimsaidii asiyejua jina la anachotafuta.

Tulivyosafisha mara ya pili

Nilirudisha folda yote. Halafu nikamwomba yule dada tukae pamoja, pamoja na mzee wetu mmoja ambaye amekuwa hapo tangu kampuni ilipokuwa chumba kimoja. Tulichukua jioni nne na chapati nyingi. Haya ndiyo tuliyokubaliana, na mnaruhusiwa kuyaiba.

Kwanza, kuuliza kabla ya kuhukumu. Tarehe ya mwisho ya faili haisemi kama inahitajika. Tulipiga simu kwa wateja kuuliza wako kwenye toleo gani. Tukagundua wengine wawili ambao tungewaua kwa usafi wetu.

Pili, kuweka alama kabla ya kugusa kitu, ili hali ya jana iwe na jina:

git tag kabla-ya-usafi

Tatu, kutohamisha na kuandika upya kwa mkupuo mmoja. Git haiandiki popote kwamba faili imehama. Hukisia kwa kulinganisha yaliyomo, na kwa kawaida faili zikifanana kwa nusu au zaidi ndipo husema ni ileile. Ukihamisha faili na papo hapo kuibadilisha yote, uzi unakatika. Hamisha, komiti, kisha hariri, komiti tena.

Nne, kuacha kibao kwenye anwani ya zamani ya kila faili inayotajwa na watu. Mstari mmoja unatosha.

Tano, na hili ndilo jibu letu kwa swali la dada: tumeweka faili moja iitwayo MAREHEMU.txt kwenye mlango wa ghala. Kila faili inayofutwa inaandikwa humo mstari mmoja: jina, ilihusu nini, imeondoka lini, kwa nini, na badiliko gani liliifuta. Mzee aliuliza, je, hii nayo haitachakaa kama zile orodha za Linux? Tulifikiri sana, tukaona hapana. Orodha ya walio hai inabadilika kila siku. Mstari wa marehemu ukishaandikwa umeandikwa. Na kwa sababu ni faili ya leo, utafutaji wa kawaida unaiona. Anayetafuta jina la mteja saa nane za usiku atakutana nalo.

Zile amri mbili nazo zimeandikwa juu yake kabisa. Ya kwanza huonyesha faili zote zilizowahi kufutwa, ya pili huirudisha moja:

git log --diff-filter=D --name-only

git checkout BADILIKO^ -- njia/ya/faili

Mahali pa BADILIKO unaweka namba ya badiliko lililofuta faili. Ile alama ya ^ inamaanisha "hatua moja kabla yake", wakati faili ilikuwa bado hai.

Sita, onyo. Ndani ya "zamani" tulikuta faili mbili zenye nenosiri la seva. Hizo msifikiri kuzifuta kunatosha, kwa maana mmeona Git haisahau. Nenosiri likishaingia ghalani, libadilishwe kule kwenye seva siku hiyohiyo. Hapo ndipo jongoo hutupwa na mti wake.

Mwishowe, kati ya zile mia tatu na ushei, tulibakiza chini ya arobaini na kuzipa makao halali. Zilizobaki zimefutwa. Folda ya "zamani" haipo tena, na majibu ya utafutaji sasa yanasomeka.

Chama kile cha akiba na mikopo kilihamia toleo jipya miezi michache baadaye. Siku hiyo niliifuta tena ile faili ya hatua kumi na moja, mimi mwenyewe. Safari hii maelezo ya badiliko yalichukua mistari sita: ilikuwa ya nini, mteja wa mwisho kuitumia aliondoka lini, nani amethibitisha, na ikihitajika irudishwe vipi. Kisha nikaongeza mstari kwenye MAREHEMU.txt. Nilimwita dada aje asome kabla sijaituma. Akasoma, akasahihisha herufi moja niliyokosea, akarudi kwenye kazi yake.

Haya jamani, chai inapoa. Kama ofisini kwenu kuna folda ya "zamani", msiifute Ijumaa. Tuonane.